Korea Pembeni ya Daftari

Simu ya mwalimu Muyisa ililia Alhamisi saa nne asubuhi, akiwa ubaoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja ya kufundisha aliipokea mbele ya wanafunzi. Namba ilikuwa ya binti yake Victoire. Sauti haikuwa yake.

"Njo weye papa ya Victoire?" mwanaume aliuliza.

"Ni mimi."

"Mutoto iko kwetu hapa Beni. Tumemukamata ku barrière ya askari na plan ya vita ndani ya sac. Kuya."

Simu ikakatwa. Dawati la mbele, kando ya dirisha, lilikuwa na nafasi moja wazi, ya Victoire. Asubuhi ile Anne-Marie, mke wa mwalimu, alikuwa amemtuma Victoire kutoka kwao Butembo hadi Beni kumpelekea mama yake mdogo viazi vya Lubero, kwa kuwa amejifungua. Msichana alipanda pikipiki na viazi vyake, akaweka na daftari la géographie katika mfuko, ili ajisomee njiani. Mtihani wa serikali ulikuwa umebakiza wiki tano. Muyisa aliwaambia wanafunzi waendelee kunakili, akatoka bila koti.

Tuseme ukweli mapema, kwa sababu katika mambo haya watu wengi wataukimbia. Plan ya vita ilikuwa ni Korea ya Kaskazini.

Muyisa hajawahi kuiona nchi hiyo, na wenzake duniani ni wengi, kwa maana nchi yenyewe haitaki kuonwa. Lakini imo katika programu, na alikuwa akiipenda. Aliimwaga kwa Kifaransa kwanza, kama sheria ya shule inavyotaka: ukubwa, mito, madini. Kisha aliweka chaki chini, mikono mfukoni, akaanza kwa Kiswahili, na hapo hata wavivu waliamka. Nchi ni milima mitupu, alisema, mashamba haba, baridi ya Lubero uizidishe mara kumi. Kaskazini mito miwili inaitenga na China. Kusini kuna mstari ambapo vita ilisimama mwaka 1953. Walisaini kunyamazisha bunduki, amani hawajaisaini hadi leo. Babu alitawala, akamwachia mwana, mwana akamwachia mjukuu, na wote watatu wakisema nchi ni ya wafanyakazi. Picha zao ziko ukutani katika kila nyumba. Katika miaka ya tisini ilikuja njaa, watu wakala majani na maganda ya miti. Redio inashika stesheni moja. Kutoka mji hadi mji unahitaji karatasi. Na serikali inaweka faili ya ukoo wako: babu yako alisimama upande gani wakati wa vita, ndiyo kazi utakayopata wewe mjukuu.

Ramani ya ukutani ilikuwa imeliwa na mchwa zamani. Basi Muyisa alikuwa na njia yake, ambayo alijisifu nayo mbele ya walimu wenzake: kila nchi ya dunia aliivalisha majina ya kwetu.

"Pembeni, na bic nyekundu," alikuwa akisema. "Mji mukubwa uko huku chini: andikeni Beni. Aéroport iko kaskazini ya mji: andikeni Mavivi. Kusini, pale fasi majeshi mbili zinaangaliana: andikeni Lubero. Siku ya examen mutafunga macho, mutaona."

Alipofika kwa wale akina mama ambao huko kila mmoja amepewa nyumba ishirini au thelathini za kuchunga, waandike nani amelala kwa nani, alicheka kwanza peke yake. "Andikeni: kama mama Godelive wa avenue yetu." Darasa likavunjika mbavu. Victoire aliandika, kwa ule mwandiko wake mzuri ulioletea nyumba zawadi mbili kutoka kwa mapadri wa shule.

Mwalimu hakuwaza kwamba kuna ramani zinazosomwa na watu wenye bunduki.

Alifika Beni saa saba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walimvua mkanda na viatu mlangoni mwa kambi ya askari, wakamkalisha juu ya benchi pamoja na mwizi wa kakao na mlevi mmoja, na hapo alikaa mpaka saa kumi akishika suruali yake kwa mkono mmoja. Askari waliopita walimwita "papa ya plan". Mmoja alimwuliza kama anataka chai, akasema ndiyo, na yule askari akaenda zake akicheka.

Kapteni alikuwa kijana, nguo zake zimenyooshwa vizuri. Alikuwa na daftari mezani, limefunguliwa.

"Vanda," alisema kwa Kilingala cha kambini, akimwonyesha kiti. Muyisa akakaa. "Soma hapa."

"Beni," Muyisa alisoma.

"Na hapa?"

"Mavivi. Aéroport."

"Na hii mustari? Na hizi flèche, hizi mishale? Na hapa, 'askari milioni moja'? Batu bangu banakufa kule Lubero, na mutoto yako anatembea na hii mu sac."

"Mon capitaine, ni Corée du Nord."

"Mavivi iko Corée?"

Muyisa hakuombwa pesa. Angeombwa pesa, angepumua, kwa sababu mtu anayeomba pesa anataka mambo yaishe. Huyu alikuwa akitaka kuelewa, na mtu wa aina hiyo anatisha zaidi. Pale pale lilikuja swali ambalo mwalimu alilijua tangu alipopanda pikipiki.

"Njo weye ulimufundisha hii?"

Jibu lilikuwa neno moja. Ulimi wa Muyisa ulilizunguka kama mtu anayezunguka shimo la barabarani.

"Mi nafundisha programme, mon capitaine. Corée iko mu programme. Ile ya majina... ile sijui."

Kapteni akatoa karatasi moja, photocopie ya ule ukurasa.

"Bon. Rudia Butembo. Chef ya nyumba kumi yenu aandike nyuma ya hii kama banajua huyu mutoto, na nani alitoa hizi maneno. Leta mbele ya Lundi saa sita. Saa sita dossier inaenda kwa auditeur ku mahakama ya jeshi, na mutoto anafuata dossier."

"Naweza kumuona?"

"Lundi." Yaani Jumatatu.

Wakati wa kutoka Muyisa alisikia sauti ya Victoire nyuma ya ukuta wa mbao, akimwambia mtu pole pole, kama mtu anayefundisha mtoto mdogo: "Nilisema ni mimi. Ni mimi peke." Mwalimu alisikia vizuri. Alivaa viatu vyake akaondoka.

Nyumba kumi, kwa asiyejua, ni nyumba kumi kweli, na juu yake mtu mmoja anayejua nani amehamia, nani amezaa, nani amepokea mgeni. Katika avenue ya Muyisa mtu huyo ni Godelive, mjane, muuza maharagwe, mwenye daftari la jalada jeusi linalokaa juu ya friji isiyofanya kazi. Ukipokea shemeji, unaenda kumwandikisha kabla ya chakula cha jioni. Usipoenda, anakuja mwenyewe, anasimama mlangoni, anahesabu viatu.

Muyisa na mkewe walifika kwake Ijumaa alasiri. Anne-Marie alikuwa amebeba kikombe cha chumvi, kwa sababu humwendei mtu mikono mitupu. Godelive aliipokea chumvi, akavaa miwani, akaanza kusoma photocopie. Alisoma maandishi yote, Kifaransa akikipita, Kiswahili akikisoma kwa midomo. Anne-Marie, ambaye hakuwa ameangalia pembeni ya karatasi, alikuwa bado akimweleza habari za barrière.

Midomo ya Godelive ilisimama.

"Kama mama Godelive wa avenue yetu," alisoma kwa sauti.

Anne-Marie alimgeukia mumewe. Muyisa aliangalia friji.

"Donc mimi ni communiste," alisema Godelive.

"Hapana, mama chef. Ni mufano tu. Mufano wa shule."

"Mufano." Alivua miwani. "Mwalimu, nikuambie mufano yangu. Mbele ya kukimbilia hapa nilikuwa na nyumba kule Beni. Bageni balikuya kwa jirani, balilala siku tatu, banasema ni batu ba shamba. Hakuna mutu aliandika. Hakuna mutu aliuliza. Siku ya ine bakatoa mapanga. Bwana yangu alitoka kuangalia ni makelele gani. Njo maana mi naandika. Na mu darasa yako batoto banacheka?"

Mkuki kwa nguruwe, watu husema, na siku zote wanaomsema Godelive walikuwa wamemfanya nguruwe.

"Mama Godelive," alisema Anne-Marie, "mi nakuomba. Mutoto iko ndani. Lundi banamupeleka. Weye unamujua, alikulia mbele yako."

"Mutoto namujua. Nataka kujua mutu alinicheka." Alirudisha miwani, akaendelea na ukurasa, kidole juu ya mstari. "Hapa kumeandikwa nini? 'Huko kila wiki batu banasimama mbele ya benzao, kila mutu anasema kosa yake, kisha anasema kosa ya mwingine.'" Alisoma tena, taratibu. Kisha akaikunja karatasi na kuiweka ndani ya daftari jeusi. "Hii kitu iko muzuri. Kesho kuko salongo. Utasimama, mwalimu. Utasema kosa yako mbele ya avenue. Kisha nitaandika."

Jumamosi saa mbili watu wa avenue walikuwa mtaroni na majembe, kama kila Jumamosi. Salongo ni kazi ya wote: kuzibua mitaro, kufyeka majani, kufukia mashimo ambayo serikali imeyasahau. Walikuwa watu arobaini hivi, matope mpaka magotini. Habari ilikuwa imewatangulia. Wengine ambao huja salongo mara mbili kwa mwaka siku ile walikuja mapema.

Godelive alisimama juu ya jiwe la kufulia. "Mwalimu Muyisa iko na neno," alisema.

Muyisa alipanda ukingo wa mtaro. Jembe hakuliacha, kwa hiyo alionekana kama mtu anayetaka kupigana, naye alikuwa hataki kupigana na yeyote. Alizoea kusimama mbele ya watu na kusema, lakini wanafunzi hawana majembe.

"Nilikosea," alisema. "Kuko somo nafundisha. Ndani yake kuko maneno ya kudharau chef wetu. Naomba pardon."

"Sema nguvu," mzee Kahongya alisema kutoka chini. Yeye ndiye aliyekuwa na kiwanja kando ya cha Muyisa, na mpaka wao ulikuwa na kesi.

"Naomba pardon!"

Watu walicheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha kuona mwalimu anapata mbili juu ya ishirini. Kama ingeishia hapo, jambo lingepoa, na kufikia Noeli lingekuwa la kuchekesha. Lakini Godelive alikuwa amesoma mstari wote.

"Umesema kosa yako," alisema. "Sasa ya mwingine. Jina yangu, na hizi majina ya Beni na Mavivi zinatutia avenue mu matata na askari. Nani alizisema? Weye?"

Kijana mmoja aliinua simu na kuanza kupiga picha. Muyisa aliiona ile simu. Aliona na video yake ikifika Beni kabla yake, ikifika kwa kapteni, ikifika shuleni kwa mapadri. Aliona benchi la mwizi wa kakao. Anne-Marie alikuwa hatua tano kutoka kwake, jembe limesimama, akimwangalia mdomoni.

"Si mimi," alisema. "Mi nilifundisha Corée tu. Ile ya pembeni mutoto aliongeza. Ye mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hata Kahongya aliangalia matope yake. Godelive akauliza tena, na safari hii hakuuliza kama chef.

"Victoire?"

"Victoire."

"Basi sawa," alisema, akashuka kwenye jiwe.

Aliandika pale pale juu ya paja lake, nyuma ya photocopie, kwamba msichana anajulikana, ni mtoto wa Kanisa, hajawahi kupokea mgeni asiyeandikwa. Chini akamwachia Muyisa nafasi aandike ya kwake. Muyisa aliandika kwa mkono wa mwalimu, ulionyooka: "Mimi, Muyisa, mwalimu, nashuhudia kwamba majina yaliyo pembeni yaliongezwa na mwanafunzi Victoire, kwa akili yake mwenyewe, bila mimi kujua." Aliandika mwanafunzi. Neno "binti yangu" aliliona halifai katika karatasi ya serikali.

Nyumbani Anne-Marie alinawa miguu, akaingia ndani, akakaa mezani bila kuwasha makaa. Muyisa alikaa upande wa pili.

"Ulinihadisia hapa," alisema mke. "Hapa pa meza. Ulisema: leo nimetia mama Godelive mu Corée. Ulicheka mupaka chai ikakutoka mu pua."

"Mama Victoire, sikia."

"Nasikia."

"Yeye ni mutoto. Batamugombeza, batamuachilia. Mimi ni mutu muzima, nafundisha batoto ba batu. Mimi banasema nafanya école ya barebelle. Mimi bananipeleka Kinshasa. Nikifungwa mimi, nani anakula hapa? Nani analipa minerval yake ya masomo?"

"Iko na miaka kumi na saba."

"Njo hiyo. Kumi na saba."

"Na kama hapana muachilia?"

Muyisa alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa hicho. Anne-Marie alinyanyuka, akachukua mfuko, akaanza kuweka nguo za msichana: sketi, sweta, kitambaa cha kichwa. Akaongeza maandazi mawili katika karatasi. Alimwekea mumewe mfuko ule mbele yake na hakusema naye tena siku ile, wala Jumapili, hata kanisani wakati wa kupeana amani.

Jumatatu saa tatu Muyisa alikuwa Beni. Walimvua mkanda tena. Safari hii hakukaa sana. Kapteni alisoma karatasi upande wa mbele, upande wa nyuma, akaagiza aletwe msichana.

Victoire aliingia na viatu mkononi. Nywele zilikuwa zimefumuka upande mmoja, na sketi ilikuwa ile ile ya Alhamisi. Alipomwona baba yake, uso wake ulifunguka wote. Ni jambo dogo, sekunde mbili, lakini Muyisa alikiona kile alichokuwa nacho, akalijua jina lake, kuaminiwa, na wakati huo huo kapteni alikuwa akimpa mtoto karatasi.

"Unajua kusoma muzuri, banasema. Soma."

Victoire alisoma. Alisoma ya Godelive kwanza. Aliposhuka kwa ule mwandiko wa chini aliutambua, na bado akasoma, kwa sauti ile ile ya masomo ya Misa, kila neno mahali pake, mpaka "bila mimi kujua". Kisha akairudisha karatasi mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza.

"Siku ine," kapteni alimwambia Muyisa, "huyu anatuambia neno moja tu: ni mimi peke, papa hapana niambia niandike, papa hapana jua. Nilifikiri anakuficha. Nikangoja. Nikasema, mwalimu atarudia, atasema: mon capitaine, ni somo yangu, ni bujinga yangu. Ningekupigia makelele. Ningepasua page. Ungelisema Jeudi, siku ya kwanza, mungelala kwenu." Aligonga karatasi kwa kidole. "Lakini munasema neno moja, baba na mutoto. Donc nifanye nini? Ni yeye."

"Anatoka?" Muyisa aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Anatoka. Ni mineure, mutoto bado, na mama chef wenu anamusifu. Mais jina yake inabakia mu liste. Kila barrière bataiangalia. Kaye nabakia nayo."

Alipiga muhuri karatasi ya kumwachilia, akampa Victoire. Victoire aliomba daftari lake, akisema mtihani umekaribia, na kapteni akamwambia hapana, kwa upole kabisa.

Walingoja gari la Butembo chini ya turubali la muuza mafuta, mfuko katikati yao. Muyisa alitoa maandazi. Victoire hakuyachukua. Malori ya jeshi yalipita, pikipiki zikapita na kuku, na mama mmoja alikuwa akigombana na konda kuhusu gunia.

"Balikupiga?" Muyisa aliuliza.

"Hapana."

"Mutoto wangu. Nilifanya vile juu..."

"Papa, mi nilisema ni mimi juu nilikuwa najua weye utakuya kusema ni weye." Alisema bila kumwangalia, akifunga kamba za viatu. "Nilikuwa nawaza: batatukuta babili tunagombania kosa, batachoka, batatuachilia. Nilikuwa naona ata furaha."

Akamaliza kufunga kiatu cha kwanza, akashika cha pili. Muyisa alitaka kulia, akaona aibu mbele ya muuza mafuta, na aibu ile ikashinda, kama ilivyoshinda tangu Alhamisi. Alikunja maandazi akayarudisha katika karatasi yake.

Gari lilipowachukua lilikuwa limejaa. Msichana alikaa dirishani, baba katikati, mguu wake juu ya gunia la mtu. Alijaribu kumwambia kwamba atamwandikia daftari jipya, somo zima, kwa mkono wake mwenyewe, hata kesho. Alisema litakuwa bora kuliko lile. Victoire aliangalia mashamba ya kakao mpaka yalipokwisha na migomba ikaanza.

Kwenye barrière gari lilisimamishwa mbele ya kamba. Alikuwa askari yule yule wa Alhamisi. Victoire alimjua, naye hakumjua, kwa kuwa kwa siku anafungua mifuko mingi. Alipokea vitambulisho kimoja kimoja, akavilinganisha na karatasi iliyokuwa mfukoni mwake, mpya, imekunjwa mara nne. Kidole chake kilisimama.

"Victoire. Shuka."

Alishuka. Muyisa alishuka nyuma yake bila kuitwa. Abiria walisogea kwenye madirisha ya upande ule.

"Njo weye wa plan?"

"Njo mimi. Baliniachilia. Karatasi iko hapa."

Askari alisoma karatasi ya kapteni, akaugusa muhuri kuona kama wino unatoka. "Mineure hapana tembea peke na jina mu liste. Huyu muzee ni nani yako?"

Muyisa alikuwa ameshatoa kitambulisho chake, amekinyoosha, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kutamka. Victoire alimtangulia. Alimwangalia baba yake kwa mara ya kwanza tangu ofisini, kuanzia kola mpaka viatu vya vumbi, kama mtu anayetaka kunakili bila kukosea.

"Ni mwalimu wangu," alisema.

"Mwalimu ya nini?"

"Ya géographie."

Askari alimgeukia Muyisa. Hakuwa na hasira yoyote. Jua lilikuwa kali na nyuma kulikuwa na magari matano.

"Ni kweli, muzee? Njo weye unamufundisha?"

Safari hii hapakuwa na kapteni, wala simu ya mtu, wala majembe, na neno lile moja halikuwa na hatari hata ya punje ya chumvi.

"Ni kweli," alisema mwalimu. "Njo mimi namufundisha."

Askari akainua kamba, wakapita.